Hataza ya kwanza ya dawa ya cheti: huduma za bure za kuitafutia, zimepimwa kwa mtumiaji wa Kigoma

Kwenye kaunta za famasia za Mwanga na Ujiji swali hili haliishi: "Dokta, mbona hii bei juu na ile bei chini, na dawa ni ile ile?" Mfamasia anajua kwamba jibu linapitia kwenye hataza. Kampuni iliyovumbua ililindwa kwa miaka, muda ukaisha, viwanda vingine vikaingia sokoni. Lakini uliza ulinzi huo ulianza mwaka gani hasa, na watu watatu watakupa miaka mitatu tofauti, kila mmoja akiwa ameusoma mahali.

Huenda wote wamesoma vizuri. Huduma nyingi za hataza zilizoko mtandaoni zimejengwa kujibu swali jingine, yaani hataza inaisha lini. Anayetafuta mwanzo anakutana na tarehe nne au tano za dawa moja na haambiwi ashike ipi. Kwa hiyo hapa huduma hizo zinapimwa kwa kigezo kimoja: ukiwa na jina la dawa, simu na bando la kawaida, ipi itakufikisha kwenye tarehe ya kwanza kabisa bila kukupotosha? Majina ya dawa yameachwa kama yanavyosomeka kwenye boksi, maana ndivyo utakavyoyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia.

Tarehe ya kushika

Siku mvumbuzi anapowasilisha maombi kwa mara ya kwanza, katika nchi yoyote ile, inaitwa tarehe ya kipaumbele. Mkataba wa Paris wa 1883 unampa miezi 12 ya kupeleka maombi hayo nchi nyingine, naye anahesabiwa kama aliyewahi tangu siku ile ya kwanza. Baada ya hapo kila nchi inaweka tarehe zake: ya kuwasilishwa, ya kuchapishwa (kwa kawaida miezi 18 baada ya kipaumbele), ya kutolewa kwa hataza. Mamlaka ya dawa nayo inaongeza yake ya kuidhinisha. Unayoitaka ni ile ya kipaumbele, na iwe ya hataza inayolinda kiambato hai chenyewe, yaani kemikali inayotibu ndani ya dawa. Hataza ya namna kidonge kilivyoundwa, ya matumizi mapya au ya njia ya kutengeneza huwa imekuja baadaye.

Chukua ciprofloxacin, ambayo haikosi kwenye rafu yoyote ya famasia. Bayer waliiwasilisha Ujerumani Magharibi tarehe 3 Septemba 1980. Ulaya ikachapisha maombi yake 1982. Marekani ikatoa hataza namba 4,670,444 tarehe 2 Juni 1987, na mwaka huo huo FDA, mamlaka ya dawa ya huko, ikaidhinisha dawa. Anayesema 1987 ana karatasi halali mkononi, ila amekosea kwa miaka saba.

Orange Book

Hii ndiyo orodha ya FDA ya Marekani ya dawa zilizoidhinishwa, pamoja na hataza ambazo kampuni zenyewe zimezitaja. Ni bure, kurasa zake ni maandishi tu na bando haliliwi sana. Andika jina la kiambato hai, chagua dawa ya kampuni iliyovumbua (namba yake ya maombi inaanza na herufi N, zinazoanza na A ni jeneriki, yaani nakala za viwanda vingine), fungua namba hiyo, kisha ufungue taarifa za hataza chini ya nguvu ya kidonge unachokitaka. Utapata jedwali. Angalia safu ya DS: penye Y, hataza hiyo inalinda kiambato hai. DP ni ya bidhaa iliyokamilika. Namba inayoanza na U ni ya matumizi. Andika pembeni namba zote zenye Y chini ya DS, kwa sababu hizo ndizo utakazozipeleka kwenye huduma nyingine.

Hapo ndipo kazi ya Orange Book inapokoma kwa swali letu, na ni vizuri kuheshimu mpaka huo. Orange Book haionyeshi tarehe ya kuwasilisha wala ya kipaumbele. Inaonyesha tarehe ya mwisho. Wengi hutoa miaka 20, muda wa kawaida wa hataza, kwenye tarehe hiyo na kudhani wamepata mwanzo. Hesabu hiyo haifai hata kidogo, na inaumiza zaidi kwenye dawa kubwa. Hataza ya dolutegravir namba 8,129,385 imeandikiwa kuisha 5 Oktoba 2027. Ukitoa 20 unapata Oktoba 2007. Ukweli ni kwamba maombi yaliwasilishwa 28 Aprili 2006, na kipaumbele chake ni 28 Aprili 2005 huko Japani. Hataza ya msingi ya atorvastatin, namba 4,681,893, iliisha Marekani 24 Septemba 2009. Hesabu ya kutoa 20 inakuleta 1989, ilhali maombi yaliwasilishwa 30 Mei 1986 na hataza ikatolewa 1987.

Chanzo cha tofauti ni nyongeza. Marekani hurudisha siku zilizopotea ofisi ya hataza ikichelewa, na tangu sheria ya 1984 hurudisha pia sehemu ya muda uliopotea dawa ikichunguzwa, hadi miaka 5. Juu ya hapo ipo miezi 6 ya majaribio kwa watoto, ambayo kwenye jedwali hujitokeza kama mstari wa pili wenye alama PED. Isitoshe, hataza za Marekani zilizoombwa kabla ya 8 Juni 1995 zilikuwa na kanuni nyingine: miaka 17 tangu kutolewa, au 20 tangu kuwasilishwa kwa zile zilizokuwa bado hai siku hiyo, ikichukuliwa iliyo ndefu.

Kuna mitego mingine miwili midogo. Kwanza, tovuti inaandika mwezi kabla ya siku. 10/05/2027 kwa jicho la Kitanzania ni tarehe 10 Mei. Pale ni 5 Oktoba. Pili, ukipakua faili zima la data (ni kifurushi cha zip chenye mafaili matatu ya maandishi), utaona kwenye faili la hataza safu ya mwisho ya tarehe ya kuwasilisha. Usiishangilie. Hiyo ni siku kampuni ilipoipelekea FDA taarifa za hataza, wala haihusiani na siku ya maombi ya hataza.

Faili hilo lakini ni zuri kwa anayekaa mahali mtandao unapokatika. Ukilipakua mara moja, unatafuta bila bando. Lifungue kwa Excel kupitia njia ya kuingiza data, si kwa kubofya mara mbili. Weka kiwimbi (~) kuwa kitenganishi, na namba za maombi na za bidhaa uzitangaze kuwa maandishi. Usipofanya hivyo, Viread (tenofovir ya kampuni ya Gilead) ambayo ni 021356 itageuka 21356, bidhaa 001 itageuka 1, na ukija kulinganisha mafaili mawili hakuna kitakachokutana.

Kasoro kubwa kuliko zote: hataza ikiisha muda, huondolewa. Ukitafuta ciprofloxacin leo, hataza ya msingi haimo. Omeprazole hali kadhalika. Kwa dawa nyingi tunazozitoa kila siku Orange Book haina cha kukupa, na mtu asiyejua hilo huondoka akidhani dawa haikuwahi kuwa na hataza. Dawa za kibayolojia kama insulini nazo hazimo. Zina orodha yake nyingine.

Espacenet

Kwa swali la mwanzo, hii ndiyo bora, bila kusitasita. Ni hazina ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, ina nyaraka zaidi ya milioni 150 kutoka nchi nyingi, ni bure na haitaki kujisajili. Andika namba ya hataza ikianza na herufi mbili za nchi, bila koma wala nafasi: US4670444. Ukiifungua, kwenye taarifa za msingi utaona kipengele cha vipaumbele. Kisha nenda kwenye familia ya hataza, yaani maombi yote ya nchi mbalimbali yanayotokana na uvumbuzi mmoja, na utafute yenye tarehe ya zamani kuliko zote. Ya ciprofloxacin itakurudisha kwenye DE3033157 ya 3 Septemba 1980.

Usiishie hapo. Fungua picha ya ukurasa wa kwanza wa waraka wenyewe, kwa sababu pale ndipo penye ushahidi. Kingereza, Kijerumani au Kijapani kisikutishe, maana kila taarifa imetanguliwa na namba ndogo ndani ya mabano, na namba hizo ni zile zile dunia nzima. 22 ni siku ya kuwasilisha. 45 ni siku ya kutolewa. 72 ni wavumbuzi, 73 ni mwenye hataza. Unayoitaka ipo kwenye kundi la 30: 31 ni namba ya kipaumbele, 32 ni tarehe yake, 33 ni nchi. Kwenye ukurasa wa hataza ya Marekani ya ciprofloxacin, chini ya 30, utaona mstari mfupi: Sep. 3, 1980, kisha DE ndani ya mabano, kisha 3033157. Mstari huo unatosha kumaliza ubishi wowote.

Kwa nyaraka za Marekani soma pia namba 60 na 63. Kampuni ikianza na maombi ya muda, au ikiendeleza maombi ya zamani kwa maombi mapya, tarehe ya kwanza hujificha humo, na namba 30 inaweza isiwepo kabisa. Ukiona 63 yenye mlolongo wa "mwendelezo wa maombi ya tarehe fulani, ambayo nayo ni mwendelezo wa…", fuata hadi mwisho wa mlolongo.

Tatizo la Espacenet ni uzito. Picha za nyaraka hufunguka ukurasa mmoja mmoja, na kwenye mtandao dhaifu wa jioni inachosha. Hakuna haja ya kupakua waraka mzima wa kurasa mia. Ukurasa wa kwanza unatosha, pamoja na kurasa za madai mwishoni ukitaka kuhakikisha kwamba kinacholindwa ni kiambato hai. Anayehitaji nakala ya kuambatanisha kwenye ripoti aende stesheneri yenye waya wa uhakika asubuhi mapema.

Google Patents ni ndugu yake mwepesi. Inafunguka haraka kwenye simu, inatafsiri, na kando ya waraka inapanga matukio kwa mstari wa muda ukianza na kipaumbele. Kwa kuanzia ni nzuri sana. Ila yenyewe inatahadharisha kwamba tarehe ya kipaumbele na hali ya hataza inazozionyesha ni makadirio, si uamuzi wa kisheria. Itumie kufika, kisha uthibitishe kwenye ukurasa wa kwanza.

Jina linapokukwamisha

Mtu anaandika "lumefantrine" kwenye kisanduku, anapanga matokeo kuanzia ya zamani, na kuchukua la kwanza. Amekosea kabla hajaanza. Jina la kimataifa la dawa hutolewa na Shirika la Afya Duniani baadaye, mara nyingi miaka baada ya maombi ya kwanza ya hataza. Waraka wa mwanzo hauna jina hilo. Una jina refu la kikemia, au namba ya maabara, au jina lililoachwa. Lumefantrine iliitwa benflumetol. Tenofovir iliandikwa PMPA. Ciprofloxacin ilikuwa Bay o 9867, atorvastatin CI-981, sildenafil UK-92480, dolutegravir GSK1349572.

Dawa ya tatizo hili ni PubChem, hazina ya kampaundi ya taasisi za afya za Marekani. Fungua ukurasa wa dawa, shuka hadi orodha ya majina mengine, nakili namba ya maabara na jina la kikemia, ukatafute kwa hayo. PubChem ina sehemu ya hataza pia, ila kwa dawa maarufu orodha yake ni ndefu kupita kiasi, maana inaokota kila waraka unaoitaja kampaundi hiyo, hata kwa kupita tu. Ithamini kwa majina, hataza zake uziache.

Kidonge kimoja, tarehe nne

TLD, kidonge cha VVU chenye dawa tatu kinachotolewa kliniki za CTC, kuanzia hospitali ya Maweni hadi vituo vya vijijini Kasulu na Kibondo, ni kipimo kizuri cha huduma yoyote. Ndani ya kidonge hicho kuna lamivudine, ambayo mwanzo wake ni 8 Februari 1989. Kuna dolutegravir ya 28 Aprili 2005. Na kuna tenofovir, ambayo ina majibu mawili: kampaundi yenyewe inatoka kwenye maombi ya Chekoslovakia ya 1985, kazi ya Antonín Holý wa Prague na Erik De Clercq wa Leuven, lakini umbo linalomezeka na kufyonzwa tumboni, tenofovir disoproxil, ni la Gilead, kipaumbele 26 Julai 1996. Kwenye Orange Book, Viread iliorodheshewa hataza za familia hii ya pili. Aliyezitegemea alipata 1996 au 1997 na akadhani tenofovir ilianza hapo.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta, soma boksi vizuri. Je, kilichoandikwa ni kampaundi tupu, chumvi yake, au umbo lililorekebishwa? Omeprazole ina kipaumbele cha 14 Aprili 1978. Esomeprazole, moja ya maumbo yake mawili yanayofanana kama kitu na taswira yake kwenye kioo, ni ya 28 Mei 1993. Sildenafil kama kampaundi ni ya 20 Juni 1990, ikiwa imeombwa kwa ajili ya moyo na shinikizo. Matumizi yake kwa upungufu wa nguvu za kiume yaliombewa hataza nyingine, 9 Juni 1993. Jibu lisilotaja ni ulinzi wa kitu gani halijakamilika.

MedsPaL

Hii ni ya Medicines Patent Pool ya Geneva, shirika linalotafuta leseni za hataza za dawa, ilianza 2016, na ndiyo pekee kati ya hizi iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi kama yetu. Unachagua dawa na nchi, nayo inakuonyesha hataza zimegawanywa kwa aina (kampaundi, chumvi, mchanganyiko), hali yake, tarehe ya kuwasilisha, mwisho unaotarajiwa, na kama kuna leseni. Ya dolutegravir ya Aprili 2014 kati ya ViiV, kampuni yenye dawa hiyo, na Medicines Patent Pool imo, na ndiyo iliyofungua mlango kwa viwanda vya jeneriki vinavyotengeneza TLD tunayoiona.

Mgawanyo wa kampaundi na chumvi peke yake unaifanya istahili sifa. Hakuna huduma nyingine ya bure inayokufanyia kazi hiyo kwa uwazi hivi. Lakini wigo wake ni dawa muhimu za VVU, kifua kikuu, homa ya ini na nyingine zilizochaguliwa. Usiende pale na kila dawa. Tena jedwali lake ni pana, ligeuze simu kulala.

Kuwa makini na tafsiri. MedsPaL ikionyesha kwamba Tanzania hakuna hataza, haina maana dawa haikuwahi kulindwa. Ina maana haikulindwa hapa. Hataza ni ya nchi kwa nchi. Tanzania Bara inasajili kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, chini ya Sheria ya Hataza, Sura ya 217, Zanzibar ina usajili wake, na kampuni nyingi hupitia ARIPO, shirika la hataza la kanda ya Afrika lenye makao Harare, ambayo namba zake huanza na AP. Zaidi ya hayo, nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwamo, ziliruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani kutolazimika kulinda hataza za dawa hadi 1 Januari 2033. Anayeuliza kwa ajili ya kuagiza dawa ana swali la hapa. Anayeuliza dawa ilianza lini ana swali la dunia. Majibu yake hayachanganywi.

Pat-INFORMED ya Shirika la Hakimiliki Ubunifu Duniani, iliyoanza 2018, inafaa kama nyongeza kwa sababu unaitafuta kwa jina la kimataifa na taarifa zimetolewa na kampuni zenyewe. Haikupeleki mbali kwa dawa za zamani.

Dawa za zamani

Praziquantel, dawa ya kichocho inayojulikana vizuri vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika, haipatikani kwa njia ya Orange Book. FDA iliiidhinisha 1982, na hataza yake ya msingi imeisha zamani sana. Hapa kimbilio ni Merck Index, kamusi ya kemikali na dawa inayotoka tangu 1889. Toleo la mtandaoni ni la kulipia, lakini matoleo ya karatasi ya miaka iliyopita bado yamo kwenye maktaba za vyuo vya afya, na kwa dawa ya zamani toleo la zamani halipungui kitu. Chini ya kila dawa kuna mistari ya jinsi ilivyotengenezwa mara ya kwanza, na humo namba za hataza. Angalizo: mwaka ulio kwenye mabano baada ya namba ni wa kuchapishwa au kutolewa. US 4,001,411 ya praziquantel ilitolewa 4 Januari 1977. Ipeleke Espacenet na itakurudisha Ujerumani, 17 Desemba 1973.

Jibu likishapatikana, liandike kwa ukamilifu: jina la kiambato hai, kinacholindwa, nchi na namba ya kipaumbele, tarehe yake, na siku uliyoangalia. "Ciprofloxacin, kampaundi, DE 3033157, 3 Septemba 1980." Mwezi utajwe kwa jina, usiandikwe kwa tarakimu.

Na zipo dawa zitakazokurudisha mikono mitupu hata ukifuata kila hatua. Metformin ilielezwa na wanakemia wa Dublin mwaka 1922, ikaanza kutumika kwa kisukari Ufaransa 1957, na Marekani ikaidhinisha mwishoni mwa 1994. Hataza za metformin utakazokutana nazo kwenye Orange Book ni za vidonge vinavyoachia dawa polepole au za mchanganyiko na dawa nyingine. Safu ya DS isome kabla ya kunakili tarehe yoyote.